Utani Una Wenyewe: Kucheka Mtandaoni Bila Kuumizana

(Muziki wa kufungulia kipindi unasikika kwa sekunde chache, kisha unashuka chini ya sauti ya mtangazaji.)

Kama uko Katwe umekaa mlangoni pa duka, kama uko Kisenyi, Nsambya, Makindye au Masajja, kama uko ndani ya teksi umekwama kwenye foleni ya kuingia mjini, karibu katika kipindi chetu. Na wewe unayesoma karatasi hii pamoja na kikundi chako cha wasikilizaji, karibu vilevile.

Leo tunazungumza juu ya mzaha tunaotumiana kwenye simu. Tunacheka sana humo, na tunaumizana sana humo pia. Pengine wewe mwenyewe umewahi kuandika neno la kuchekesha, ukangoja watu wacheke, na badala ya kicheko ukaona mtu mmoja ametoka kwenye kundi. Au pengine wewe ndiye uliyetoka. Tutaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, kwa nini hapa Kampala lina uzito wa pekee, na nini unaweza kufanya ili kicheko kibaki na mwenzako abaki pia.

Tuanze na mzaha mmoja unaoujua. Umezunguka Afrika Mashariki yote, na kila mtu anausimulia kwa namna yake. Unasema: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo.

Umecheka? Wengi hucheka. Waganda wenyewe huusimulia kwa furaha wakijitania. Lakini sasa mweke mbele yako mama aliyetoka Bukavu, aliyefika Kampala akiwa na watoto watatu na mfuko mmoja. Hajui Kiganda, na Kiingereza ni kidogo. Lugha pekee inayomwezesha kuuliza bei ya chumba, kueleza ugonjwa wa mtoto na kuomba kazi ni Kiswahili chake cha nyumbani. Anajiunga na kundi la WhatsApp la majirani, anaandika ujumbe wake wa kwanza, na jibu la kwanza analolipata ni hili: "Tazameni, huyu ametoka makaburini kwa Kiswahili."

Mzaha ni uleule. Alipousimulia Mganda juu yake mwenyewe, ulikuwa mchezo. Alipotupiwa mgeni mbele ya watu asiowajua, ulikuwa mlango unaofungwa usoni pake. Tena haukuwa na haki. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Kuanzia Goma na Bukavu hadi Kisangani na Lubumbashi watu wanapendana, wanauza, wanasali na kuzikana kwa lugha hiyo. Lugha inayotumika hivyo haijazikwa mahali popote.

Basi swali letu la leo si kama utani ni mzuri au ni mbaya. Swali ni hili: nani anamtania nani, wapi, na mbele ya nani?

(Muziki mfupi.)

Utani wa wazee ulikuwa na sheria

Mara nyingi mtu akilaumiwa kwa maneno yake hujitetea hivi: "Ni utani tu! Sisi Waafrika tunataniana tangu zamani." Ni kweli, tunataniana tangu zamani. Lakini tuulize: wazee walitaniana namna gani?

Huko Tanzania neno utani lina maana nzito kuliko mzaha wa kawaida. Ni uhusiano unaotambulika kati ya jamii na jamii. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani wao unahusishwa na safari za misafara kati ya bara na pwani katika karne ya 19. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne hiyohiyo, na leo wajukuu wao ni watani. Fikiri juu ya jambo hilo. Watu waliouana waligeuza kumbukumbu ya mkuki kuwa kumbukumbu ya kuchekana, ili wajukuu waweze kukaa meza moja.

Utani huo una masharti. Kwanza, unajulikana. Mtani wako unamjua kuwa ni mtani, naye anakujua, hukumwokota njiani. Pili, ni wa pande mbili. Nikikutania leo, kesho nitakaa kimya nikitaniwa nawe. Tatu, una wajibu. Mtani anayekucheka wakati wa raha ndiye anayekuja kukusaidia msibani. Katika jamii nyingi watani walikuwa na kazi maalumu katika mazishi: walisaidia shughuli, na wakati huohuo waliwachokoza wafiwa kwa vichekesho ili huzuni isiwameze. Aliyekutania ndiye aliyekuletea chakula.

Hapa Buganda nako kuna njia zake. Kwa Kiganda kufanya mzaha ni okusaaga, na watu wanajua ni nani wa kusaaga naye. Mjukuu anaweza kumchokoza jajja wake, naye jajja akamrudishia. Mulamu, yaani shemeji, anataniwa bila kukasirika. Lakini mama mkwe? Huyo mkwewe wa kiume anamwekea umbali na heshima, na neno la mchezo halipiti kati yao. Kwa hiyo ukoo uleule mmoja ulikuwa na mtu wa kumtania na mtu wa kutomtania, na mtoto alijifunza tofauti hiyo mapema.

Hata mpirani tunaona mfano. Mashabiki wa Simba na Yanga kule Dar es Salaam huitana watani wa jadi. Wanachekana wiki nzima baada ya mechi. Aliyecheka Jumapili anajua zamu yake inakuja.

Unaona basi, ndugu yangu, kwamba utani wa wazee haukuwa uhuru wa kusema lolote kwa yeyote. Ulikuwa na wenyewe. Anayemtupia maneno mgeni asiyemjua, asiyeweza kumrudishia, na ambaye hana nia ya kumsaidia siku ya shida, huyo hafuati mila ya utani. Anatumia jina lake tu.

(Muziki mfupi.)

Simu inaondoa nini

Sasa tuje kwenye simu. Kwa nini neno lililochekesha barazani linauma likiandikwa?

Kwanza, simu inaondoa uso. Ukimtania mtu ana kwa ana, unamwona. Ukiona macho yake yamebadilika, unapunguza, unamgusa bega, unasema "nakuchezea tu." Kwenye maandishi huoni kitu. Yeye anasoma peke yake, labda usiku, labda amerudi kutafuta kazi na hakupata. Kile kikaragosi cha kucheka hadi machozi unachoweka mwishoni, wewe unakiona ni tabasamu. Yeye anaweza kukiona ni kidole kinachomwelekea.

Pili, simu inaondoa duara. Barazani mlikuwa watu sita na mnajuana. Kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Humo kuna watoto wa shule, kuna wazee, kuna mtu wa dini yako na wa dini nyingine, kuna aliyefiwa jana. Wewe umemwandikia rafiki yako mmoja, lakini wamesoma wote, na rafiki yako ametaniwa mbele ya wakwe zake bila wewe kujua.

Tatu, simu haisahau. Neno la mdomo huondoka na upepo. Ujumbe unabaki, unapigwa picha ya skrini, unapelekwa kundi jingine ambako hakuna anayejua mlikuwa mnazungumza nini. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa watu wote, lakini haiwezi kufuta picha iliyokwisha kupigwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na hapo ulimi ulikuwa bado haujapata kitufe cha kusambaza.

Nne, na hili ni la Kampala hasa, tunachanganya lugha nyingi. Katika kundi moja kuna Kiganda, Kiingereza, Kiswahili cha Kongo, Kiswahili cha Kenya, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali na Kiarabu cha Juba. Neno likivuka kutoka lugha moja hadi nyingine hubeba mzigo usioujua. Chukua neno la Kiganda munnaggwanga. Maana yake ni mtu wa taifa jingine, na si tusi. Lakini mtu aliyekaa hapa miaka kumi na tano, ambaye watoto wake wanazungumza Kiganda kuliko yeye, akiitwa hivyo kila anapotoa maoni, anasikia: "Wewe si wa hapa, nyamaza." Au chukua neno la Kisomali waryaa. Kwao ni njia ya kumwita mwanamume, kama kusema "wewe bwana!" Majirani katika Afrika Mashariki wameligeuza jina la kabila zima. Msomali anayelisikia kutoka kwa mgeni anajua kwamba hakuitwa yeye. Limeitwa kabila lake kwa dhihaka.

Na Kiswahili chenyewe kina historia hapa Uganda. Kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na polisi, na wazee wa Kampala waliopita katika utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, wengi walikisikia kama amri mbele ya bunduki. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mambo yanabadilika. Lakini ukimwandikia mzee wa Kiganda kwa mzaha, kwa Kiswahili cha kuamrisha, usishangae asipocheka. Wewe umesikia kichekesho cha sinema, naye amesikia hatua za buti mlangoni.

(Muziki mfupi.)

Mtu akitoka kundini anapoteza nini

Huenda unasema, "Sasa kama mtu ameudhika na ametoka kundini, shida iko wapi? Si atajiunga na jingine?"

Hebu tuangalie maisha yalivyo. Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na zaidi ya 100,000 kati yao wanaishi hapa Kampala. Mkimbizi wa mjini hapati shamba wala mgawo wa chakula kama aliye makazini Nakivale au Kyangwali. Anajitegemea. Na kitu kinachomshika mkono ni habari: chumba cha bei nafuu kimepatikana wapi, nani anahitaji mshonaji, lini wanahakiki vitambulisho, kliniki gani inachanja watoto wiki hii, mchango wa msiba apelekewe nani. Habari hizo leo zinapita kwenye makundi ya simu.

Tuseme kuna kijana fulani, tumwite Furaha. Ni mfano tu, si mtu halisi. Furaha anaandika kwenye kundi kuuliza siku ya kuhakiki kitambulisho. Ameandika vibaya, maneno yameungana, herufi zimeruka. Mtu anachukua ujumbe wake, anautengenezea stika, na kundi zima linaicheka kutwa. Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyemtishia. Furaha anatoka. Wiki inayofuata tarehe inatangazwa kundini, naye hayupo. Tarehe inapita. Baada ya miezi anasimamishwa barabarani na karatasi yake imekwisha muda.

Hakuna aliyetaka hilo litokee, na aliyetengeneza stika alikuwa anachangamsha kundi tu. Lakini ndiyo maana wahenga wakasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwa mtu mwenye makundi ishirini, kutoka moja ni jambo dogo. Kwa mwenye moja, ni kama kukatiwa maji.

(Muziki mfupi.)

Mzaha unapogeuka silaha

Sasa tuseme jambo gumu zaidi. Wengi wanaotusikiliza wametoka katika nchi ambazo maneno yalitangulia panga.

Nchini Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipendwa haraka, hasa na vijana. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walizungumza kama watu wa mtaani, na walijua kuchekesha. Katikati ya vichekesho waliwaita Watutsi mende. Siku baada ya siku watu walicheka, na siku baada ya siku jirani alipunguzwa kidogo, kutoka mtu hadi mdudu. Ilipofika Aprili 1994, redio hiyohiyo ilitaja watu na mahali walipokuwa, na mamia kwa maelfu waliuawa katika muda wa miezi mitatu. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi waliyoifanya kupitia redio hiyo na gazeti la Kangura. Dunia ilitambua kwamba maneno, hata yaliyosemwa kwa kicheko, yanaweza kuwa sehemu ya uhalifu.

Hatusemi kwamba kila mzaha wa kabila utaishia huko. Tunasema kwamba aliyepitia huko akisikia kabila lake likifananishwa na mdudu, nyoka au ugonjwa, hasikii mzaha. Anahesabu watoto wake. Usimwambie kwamba ana hasira za bure.

Basi utajuaje kama mzaha umeanza kugeuka? Jiulize maswali matatu. La kwanza: je, anayechekwa anaweza kurudisha? Kama hawezi kwa sababu ni mgeni, ni maskini, ni mtoto au yuko peke yake, huo si mchezo wa watu wawili. La pili: je, unacheka alichofanya, au unacheka alivyo? Rafiki aliyechelewa, aliyeunguza ugali, aliyeshabikia timu iliyofungwa, amefanya jambo na anaweza kulibadilisha. Kabila, sura, ulemavu na ukimbizi wake hawezi kuvivua kama shati. La tatu: baada ya kicheko kinafuata nini? Mzaha wa mtani unaishia na "njoo tule." Mzaha wa chuki unaishia na "ondoka."

(Muziki mfupi.)

Lakini tusiue kicheko

Huenda sasa unaogopa, unasema bora ninyamaze nisiandike kitu. Hapana. Hatukuambii hivyo.

Kampala ni mji wa kucheka. Anne Kansiime alitoka Kabale akachekesha bara zima kwa video fupi za mtandaoni, akicheza mwanamke asiyekubali kuonewa. Teacher Mpamire amejipatia jina kwa kuiga sauti ya rais mwenyewe. Watu wa boda boda, wauzaji wa Owino, wanafunzi wa Makerere, wote wanageuza taabu kuwa kichekesho kabla jua halijazama. Na mkimbizi anayemcheka mwenye nyumba wake mkali, foleni ndefu ya ofisini, au Kiganda chake mwenyewe kilichovunjika, anajiponya. Kicheko cha namna hiyo ni chakula.

Tena tukumbuke kwamba neno "umeniudhi" linaweza kutumiwa vibaya, hasa na wenye nguvu. Julai 2020 wachekeshaji wanne wa kikundi cha Bizonto walikamatwa hapa Uganda kwa sababu ya video. Ndani yake waliwaomba wananchi wawaombee viongozi, na viongozi waliowataja walitoka upande mmoja wa nchi. Walituhumiwa kuchochea ubaguzi, wakashikiliwa siku chache kabla ya kuachiwa. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011 nayo ilikuwa na kifungu cha 25, kilichofanya mawasiliano ya kuudhi kuwa kosa. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno. Mtu angejuaje kabla ya kuandika kwamba ataudhi? Lakini jihadhari: marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2022 yaliingiza kosa la matamshi ya chuki, yakitaja kukejeli na kudhalilisha watu kwa kabila, dini au jinsia yao. Mzaha wa kabila unaousambaza bila kufikiri unaweza kukufikisha polisi, nawe labda hata hukuutunga.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kuudhika ni jambo la kawaida. Mtu akipinga maoni yako au akicheka uamuzi wako, unaweza kuudhika, na bado hukuonewa. Kudhalilishwa ni kunyang'anywa utu mbele ya watu. La kwanza tulivumilie, maana bila uvumilivu hatuwezi kuishi kumi katika ua mmoja. La pili tulikatae, hata kama aliyesema ni rafiki yetu na hata kama kila mtu anacheka.

(Muziki mfupi.)

Nini cha kufanya

Kama wewe ndiye unayeandika, soma kwanza kundi kabla ya kulichekesha. Ukiwa mgeni humo, jitanie mwenyewe kwanza. Huo ndio utani ambao hauhitaji ruhusa ya mtu. Mtu usiyemjua mpe heshima yake: mama, baba, kaka, dada, mzee, ssebo au nnyabo. Mkizoeana, utani utakuja wenyewe. Kama una mashaka, tuma ujumbe wa sauti badala ya maandishi, ili mwenzako asikie kicheko katika sauti yako. Na kabla ya kusambaza kichekesho cha kabila au dini, kifikirie kimeandikwa juu ya mama yako. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kama wewe ndiye uliyeumizwa, usijibu papo hapo. Weka simu chini, kunywa maji, kisha umwandikie mhusika peke yake: "Ndugu, lile neno ulimaanisha nini?" Mara nyingi utakuta hakujua. Mpe nafasi hiyo, hasa kama lugha yenu ni tofauti. Akijua na akarudia, mwambie msimamizi wa kundi, na uhifadhi picha ya ujumbe. Ikiwa kuna tishio la kuumizwa, hilo si suala la kundi tena. Peleka taarifa polisi, au kwa mashirika yanayohudumia wakimbizi mjini, kama InterAid au Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ikiwa anayeteswa kwa maneno ni mtoto, namba 116 ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Uganda.

Kama wewe ndiye uliyekosea, omba radhi palepale ulipokosea. Umemdhalilisha mtu mbele ya watu mia mbili, kisha unamwomba msamaha faraghani? Wale mia mbili bado wanaamini mzaha ulikuwa sawa. Na usiseme "samahani kama kuna aliyeudhika." Msamaha huo unamrudishia mzigo aliyeumia, kana kwamba kosa ni ngozi yake nyembamba. Sema tu: "Mama fulani, nilikosea kukuita vile. Nisamehe." Maneno hayo machache hayakupunguzii kitu.

Kama wewe ni msimamizi wa kundi, wekeni kanuni fupi mapema, kabla ya ugomvi, na ziandikwe katika lugha mnazozitumia humo. Mkumbushe mkosaji kwa upole kabla ya kumwondoa. Na mtu akitoka kimya kimya, mtafute. Mpigie. Mwulize kulikoni. Pengine simu yake iliisha data. Pengine alilia.

Na kama wewe ni mtazamaji tu, usijione huna kazi. Mzaha wa kudhalilisha unaishi kwa vicheko vya watazamaji. Huhitaji kugombana. Inatosha usicheke, kisha ujibu lile swali ambalo mwenzako aliuliza. Kama Furaha aliuliza tarehe, mpe tarehe. Jibu moja la heshima hubadilisha mwelekeo wa kundi zima.

(Muziki mfupi.)

Maswali ya kujadili katika kikundi

Kwanza, katika jamii yenu, ni nani mliruhusiwa kumtania na ni nani hamkuruhusiwa? Kwa nini?

Pili, ni neno gani mnaitwa hapa Kampala ambalo wanaolisema wanaona ni mzaha, nanyi mnaona linauma? Je, mmewahi kuwaambia?

Tatu, ni neno gani ninyi wenyewe mnawaita wengine?

Nne, ikiwa mngeandika kanuni tatu za kundi lenu la simu leo, zingekuwa zipi?

Mkimaliza, waulizeni Waganda walio jirani nanyi wawafundishe mzaha mmoja wa Kiganda, nanyi mwafundishe mmoja wa kwenu. Ueleweni pande zote mbili kabla ya kuucheka.

Ndugu msikilizaji, muda wetu umekwisha. Wangoni na Wahehe waliweza kuhama kutoka vita hadi utani kwa sababu kila upande ulikubali kutaniwa, na kila upande ulikwenda kwenye msiba wa mwenzake. Makundi yetu ya simu bado ni machanga, hayajapata mila zake. Mila hizo tunaziweka sisi, kwa kila ujumbe tunaoandika.

Kaa salama, wewe na nyumba yako, hadi kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia kipindi unapanda hadi mwisho.)